Mbuyu, tembo, mchwa au mbawakawa: njia ipi ya maji ikufae?

Mwezi wa tisa mwaka jana shangazi yangu alinipigia simu kutoka kijijini, upande wa Bahi, mkoani Dodoma. Alikuwa ameuza ng'ombe, hela iko mkononi, na tabia ya hela anaijua: ikikaa huota miguu. "Baba," akaniambia (ndivyo anavyoniita, maana nimebeba jina la baba yake), "mvua yetu unaijua. Miezi minne, halafu kiangazi. Nianze na nini?"

Majibu manne alikuwa nayo tayari. Jirani alimwambia anunue tanki. Afisa ugani alikuwa amepita akihimiza mashimo ya kupandia. Kikundi cha kanisani kilikuwa kinazungumzia bwawa la mchanga kwenye korongo. Na binamu yangu aliyeko mjini alikuwa amemwonyesha kwenye simu video ya nyavu zinazovuna maji ya ukungu, "kama yule mdudu wa jangwani".

Nilimwomba siku tatu nifikirie. Kadiri nilivyozipambanua zile njia nne ndivyo nilivyoona kwamba kila moja ina mwenzake porini, kiumbe aliyeishi na ukame muda mrefu kuliko sisi. Na kila kiumbe njia yake imefuata jambo moja ambalo sisi huliruka tukakimbilia bei: maji yake yanamfikiaje? Yanamwagika juu yake kwa mvua chache kubwa? Yanapita korongoni siku mbili kisha yanapotea? Yanadondoka shambani yakatiririka bila kuzama? Au hayanyeshi kabisa, yanapita hewani tu kama moshi?

Mbuyu na tanki

Mbuyu hunywa mvua inapokuja na kuyaweka maji shinani. Mti wake ni laini kama sifongo, na sehemu kubwa ya uzito wa shina bichi ni maji. Kule Kordofani, Sudan, watu walikwenda mbali zaidi: walichonga mibuyu mikubwa kwa ndani, wakaijaza maji ya mvua wakati wa masika, wakayanywa kiangazi. Kwetu pwani kazi hiyohiyo ilifanywa na birika za misikiti na majumba ya zamani.

Wengi wetu tunauelewa mbuyu nusu. Tunaona unene wa shina, hatuoni ubahili wake. Kiangazi unapukutisha majani yote ukakaa mtupu miezi mingi. Watafiti waliopima mibuyu ya Madagaska walikuta kwamba akiba ya shina inasaidia kuchipusha majani mapya kabla ya mvua, lakini vitundu vidogo vya majani hayo, ambamo maji hutokea kama mvuke, hubaki vimefungwa mpaka mvua yenyewe inyeshe. Akiba ina kazi yake maalumu, na kwa kazi nyingine haiguswi.

Sasa tupige hesabu ya shangazi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lake ni mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48. Dodoma mvua ya mwaka wa kawaida inazunguka milimita 550 hadi 600. Tuchukue 550, tuondoe sehemu ya tano kwa yale yanayorukia nje na kukauka batini: zinabaki zaidi ya lita 21,000 kwa mwaka. Jirani yake ana tanki la lita 2,000. Nyumba ya watu watano, kila mtu ndoo moja ya lita 20 kwa siku, inalimaliza kwa siku 20. Kumbe paa linatosha sana, chombo ndicho kidogo, na matumizi hayana mpango.

Ukifuata mbuyu mzima, hesabu inageuka. Tenga maji ya kunywa na kupikia peke yake, lita 5 kwa mtu, hiyo ni lita 25 kwa siku kwa nyumba nzima. Tanki la lita 5,000 likiwa limejaa mwisho wa Aprili, linakufikisha katikati ya Novemba. Kufua, kuogea na mifugo vitafutiwe chanzo kingine. Hili ndilo jambo ambalo wauzaji wa matanki hawakwambii, kwa sababu wao wanauza shina, hawauzi kupukutisha majani.

Udhaifu wa tanki ni bei yake, na msingi wake. La kwanza nililonunua mimi, fundi alilipanga juu ya matofali ya udongo mabichi. Kila lilipojaa, maji ya ziada yalichuruzika pembeni na kulamba yale matofali kidogo kidogo. Usiku mmoja wa Februari tulisikia kishindo. Asubuhi tanki limelala ubavu, limepasuka kuanzia kwenye koki hadi kiunoni. Mbuyu ukibanduliwa gome huota jingine. Plastiki haioti. Kwa hiyo weka msingi wa zege au mawe, bomba la kutoa maji ya ziada mbali na msingi, wavu wa mbu kwenye kila tundu, na mvua ya kwanza ya msimu imwage yote, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege cha miezi saba.

Tembo na bwawa la mchanga

Ruaha Mkuu ulikuwa mto wa kutiririka mwaka mzima. Tangu 1993 kumekuwa na vipindi vya kiangazi ambapo unakauka ndani ya hifadhi. Hapo ndipo utamwona tembo akifanya kazi yake. Anasimama katikati ya mchanga mweupe mkavu, ananusa, anakwangua kwa mguu wa mbele, kisha anaingiza mkonga na kutoa mchanga mpaka shimo linakuwa na kina cha mkono. Anasubiri. Maji yanajikusanya taratibu, safi, yamechujwa. Akishakunywa na kuondoka, pundamilia na nyani wanakuja kwenye kisima hichohicho.

Wanawake wa Ugogo wanafanya vivyo hivyo kwenye makorongo, kwa sahani na kata. Mchanga mnene wa korongo ni ghala: kati ya robo na theluthi ya ujazo wake, pengine zaidi mchanga ukiwa wa chembe kubwa, ni nafasi ya maji. Jua halifiki chini. Ukipita nusu mita hivi, maji yanayopotea kwa kukauka ni machache mno, wakati lambo la wazi hupoteza maji mbele ya macho yako mchana kutwa. Mbu hawazaliani mchangani, wala konokono wa kichocho hapati pa kuishi.

Bwawa la mchanga linaongeza jambo moja tu kwa hilo analolijua tembo: ukuta wa zege au mawe unaokata korongo, umesimama juu ya mwamba. Mafuriko yanapokuja, mchanga mzito unatua nyuma ya ukuta, tope jepesi linapita juu. Misimu michache baadaye una ghala jipya la mchanga uliojaa maji. Kitui nchini Kenya ndiko waliko mabingwa. Tangu miaka ya 1990 jamii za Ukambani zimejenga mamia ya kuta hizi kwa mawe ya kwao na nguvu zao. Mchanga wenye urefu wa mita 200, upana wa mita 10 na kina cha wastani cha mita moja, ukiwa na maji chini kidogo ya theluthi ya ujazo wake, unashika lita laki sita. Zote hutazitoa, kwani sehemu inabaki imeshikwa na mchanga, lakini hata nusu yake hakuna tanki la kijiji litakaloifikia.

Mbona basi nisimwambie shangazi ajenge bwawa? Kwa sababu njia hii haina shangazi mmoja. Inataka watu thelathini wanaobeba mawe kwa miezi, na inataka korongo la namna yake. Kwetu nimeona ukuta ulioharibika, na unaniuma mpaka leo, kwa sababu mama yangu alibeba mawe yake kichwani. Aliyeusimamia aliujenga wote kwa mara moja hadi kimo cha mwisho. Mvua ya kwanza ilipokuja, maji yalisimama kimya nyuma yake kama bwawa la kawaida, na tope lote likatua. Tope halitoi maji. Leo pale pana bustani ya matete, na ukichimba unatoa udongo wa kufinyangia. Ukuta ungejengwa kwa vipande, nusu mita kila msimu au karibu na hapo, tope lingepita.

Kabla ya mawe, fanya mambo mawili. Chukua nondo ya mita mbili au tatu, ipigilie katikati ya korongo na kingoni: ikigonga mwamba mahali pote, pana matumaini, ikizama bila kugonga, maji yatapita chini ya ukuta. Kisha jaza chupa inayoonyesha ndani mchanga nusu, ongeza maji, tikisa, acha itulie. Tabaka la tope likiwa nene juu ya mchanga, tafuta korongo jingine.

Mchwa na mashimo ya kupandia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa mtu mwenye jembe, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote.

Shamba lililokauka linafanya gamba. Mvua ya saa moja inapiga juu yake na kutiririka kama kwenye sakafu. Mkulima anasema mvua haikutosha, kumbe ilitosha, ila haikuingia. Kule Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso, mkulima Yacouba Sawadogo alichukua mashimo ya kienyeji yaitwayo zaï na kuyaboresha mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya ukame mkali. Aliyapanua, akayachimba wakati wa kiangazi, akatia samadi na takataka za shambani. Samadi iliita mchwa. Mchwa wakatoboa njia zao ndogo kwenye gamba, na mvua ilipofika ikazifuata njia hizo chini kabisa. Aliotesha mtama mahali ambapo watu walishaondoka, na baadaye msitu mzima ukasimama. Alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, akafariki Desemba 2023.

Dodoma tunayo yetu: mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji yalikoanzia. Kipimo chake ni sentimita 22 kwa upana na 30 kwa kina, umbali wa sentimita 60 kati ya shimo na shimo, na 90 kati ya mistari. Ndani yake kunatiwa samadi, mabua na majivu. Na majivu hayo ni ya kufukuza mchwa!

Kwa hiyo mwalimu mmoja anamwalika mchwa, mwingine anamfukuza. Shangazi aliponiuliza hilo sikulijibu haraka. Jibu ninaloliamini ni kwamba utazame udongo wako. Ikiwa ardhi imekufa, imefunga gamba, haina hata jani kavu, mchwa ni kibarua asiyelipwa; mwachie samadi na mabua, usimwagie sumu. Ikiwa shamba bado lina uhai na mchwa wamezoea kula mahindi machanga, tia majivu. Mara nyingi mchwa hugeukia mmea ulio hai kwa sababu mabua yote tumeyachoma au kulishia ng'ombe, hakuna alichobakiziwa.

Gharama yake ni mgongo. Kwa nafasi hizo, eka moja inachukua mashimo kama 7,500. Mtu mmoja akichimba 50 kwa siku, hiyo ni siku 150, na udongo wa Septemba ni kama tofali. Usianze na eka. Anza na robo, mashimo chini kidogo ya 1,900, na mwaka wa pili hutachimba upya, utazibua tu. Kwenye mteremko mashimo peke yake hayatoshi, weka kingamaji, yaani tuta la kuzuia maji, upande wa juu wa shamba. Aina moja ya kingamaji, fanya juu, ambayo hata wataalamu wa ng'ambo wanaiita kwa jina lake la Kiswahili, ilishika Machakos kwa sababu inafaa milima ya namna ile: unachimba mfereji, udongo unautupa upande wa juu.

Mbawakawa na nyavu za ukungu

Kwenye jangwa la Namibu, asubuhi yenye ukungu, mbawakawa mweusi aitwaye kitaalamu Onymacris unguicularis hupanda kileleni mwa kilima cha mchanga, huelekeza mgongo kwenye upepo, hushusha kichwa na kuinua makalio. Matone yanashika mgongoni na kutelemka hadi mdomoni. Watafiti walioandika habari zake mwaka 1976 walipima mbawakawa walioongeza hadi theluthi ya uzito wao kwa asubuhi moja.

Video ile ya binamu ilisema siri iko kwenye vinundu vya mgongo. Habari hiyo ilitoka mwaka 2001 kuhusu mbawakawa wa jamii nyingine, na ilizaa mawazo mengi ya rangi na vitambaa vya kukusanya maji. Baadaye watafiti walipomchunguza mdudu huyo upya hawakumwona akivuna ukungu kwa mtindo ule. Wanaovuna hasa wana migongo laini, na siri yao kubwa ni kujua pa kusimama na lini. Hili ni muhimu kwa mnunuzi, kwa sababu mtandaoni zinauzwa chupa na vifaa vinavyoahidi maji "kutoka hewani" popote ulipo. Mbawakawa mwenyewe hafanyi hivyo. Hupanda kileleni ukungu unapopita.

Nyavu zinafanya kazi, tena vizuri, mahali pake. Chungungo, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Chile, kilihudumiwa kwa takribani miaka kumi na nyavu kama 100 zilizosimamishwa mlimani, wastani wa lita 15,000 kwa siku. Ukigawa kwa eneo la nyavu zote, ni kama lita 3 kwa kila mita ya mraba. Kisha matengenezo yakalegea, nyavu zikachanika, mradi ukafa. Kusini-magharibi mwa Moroko, mlima Boutmezguida, kazi kama hiyo imeshika na inanywesha vijiji. Kwetu zimewahi kusimamishwa Babati, juu kwenye vilima.

Usambara, Uluguru, Taita, Marsabit, miteremko ya Kilimanjaro: huko ukungu upo, na wavu mkubwa kuliko wote ni msitu wenyewe. Majani na ndevu za miti vinakamua mawingu usiku kucha. Kilimanjaro, mioto iliyoteketeza misitu ya juu imenyang'anya mlima maji mengi kuliko kuyeyuka kwa theluji, ingawa theluji ndiyo inayoliliwa na dunia nzima. Mtu wa Lushoto anayetaka maji ya ukungu aanze kwa kutokata mti wa kilele. Bahi hakuna ukungu wa kuvunwa. Hapo sikuhitaji siku tatu.

Kama unadhani mahali pako panafaa, simamisha wavu wa mita moja ya mraba, ule wa kufunikia vitalu, mita mbili kutoka ardhini, na chini yake bomba lililopasuliwa na dumu. Pima kila asubuhi kwa msimu mzima. Chini ya lita moja kwa siku, acha.

Walio pwani, na neno la ngamia

Msomaji wa Kilwa, Lamu au Pemba ambaye kisima chake kimeanza kuonja chumvi ana walimu wengine: mkoko, ambao mizizi yake huizuia chumvi isiingie, na mchu, unaoiingiza kisha kuitoa kwenye majani. Pitisha ulimi kwenye jani la mchu uonje mwenyewe. Mashine za kuchuja maji ya bahari zinafanya kazi ya mizizi ya mkoko kwa pampu: maji yanasukumwa kwa nguvu kubwa kupita kwenye utando unaobakiza chumvi. Mkoko unatumia mvuto wa majani na jua, mashine inakula uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila lita 1,000. Kwa hoteli sawa. Kwa kaya moja sishauri. Paa na birika vitakuja rahisi zaidi, na kisima cha chumvi kidogo kiachiwe kufulia.

Na ngamia? Watu wanadhani nundu yake ni tanki. Ni mafuta. Ubingwa wake uko puani: usiku anapotoa pumzi, pua yake baridi inashika unyevu na kuurudisha mwilini. Mchana anauacha mwili upate joto badala ya kutoa jasho mapema. Ngamia hashindani na wale wanne, anakaa juu yao wote. Kivuli juu ya tanki, matandazo juu ya shimo, mfuniko juu ya mtungi, kumwagilia jioni badala ya saa sita: vyote ni pua ya ngamia, na karibu vyote havina bei.

Nilichomjibu

Nilimwambia hivi. Ukungu, hapana. Tanki, ndiyo, lakini la lita 5,000, la kunywa na kupikia tu, hata kama linakula hela nyingi. Mawili ya lita 2,000 kwa mafungu si mabaya kama hela haifiki. Mashimo, ndiyo, na aanze wiki hiyohiyo kwa sababu hayangoji hela. Bwawa, asichange hata shilingi kabla korongo halijapimwa.

Angekuwa na nyumba ya nyasi ningembadilishia: mashimo kwanza, bati pili, tanki tatu. Angekuwa mfugaji wa ng'ombe sitini ningemwambia akae na wenzake wapime korongo kabla ya yote, kwani hakuna tanki la kaya linalonywesha kundi. Na kwa anayeishi mjini, mwenye bomba linalotoka mara mbili kwa wiki, tanki peke yake linatosha.

Alichimba mashimo 1,100, hakuimaliza robo. Mtama wa kwenye mashimo ulibaki kijani wiki mbili ambazo mvua ilikatika Februari, wa nje ulijikunja. Tanki limejaa, na amelifunga koki kwa kufuli ambalo ufunguo wake anauvaa shingoni. Kikundi cha kanisani nacho kimepigilia nondo mahali patatu. Pawili ilizama yote bila kugonga kitu. Pa tatu iligonga mwamba mita moja na nusu chini, kingo zote mbili. Wanamsubiri fundi wa mabwawa aje aangalie hapo mwezi wa nane, korongo likiwa kavu kabisa, na saruji bado hawajanunua.